Mwinyi Reli wa Stesheni ya Pwani

Bomba la maji la skuli yetu lina mkono wa chuma uliokula kutu, na ukiushika asubuhi ungali na umande, kiganja kinabaki na harufu yake mpaka kipindi cha tatu. Wenzangu wa darasani wananijua kwa mambo mengi, mengi yao ya kunifikisha kwa mwalimu wa nidhamu, lakini kuna moja hawajalielewa. Kila nikimaliza kuteka maji nikainusa mikono yangu, hupanua mdomo wazi kabisa, kama chewa aliyetolewa majini, kisha nikaufunga. Mara mbili, mara tatu. "Raya anapima mlango kama bado unafunguka," husema mmoja wao, na wote wakacheka, nami nikacheka kuwapita, maana yule msemaji hajui kwamba kasema kweli tupu.

Harufu ile kwangu ni ya stesheni.

Najua utauliza, Pemba na stesheni wapi na wapi? Tulia. Pwani ya kwetu maji yakitoka, yanatoka kweli, utadhani bahari imehama na wenyewe hatukuagwa. Zamani, Bibi bado hajaolewa, tajiri mmoja alijenga hoteli pale ufukweni, nyumba nyeupe za kupumzikia, wageni waje wakae wapunge upepo. Wageni walikuja kwa boti, na boti haiwezi kupita juu ya matope. Basi likajengwa gati refu la mawe na boriti mpaka kwenye kina, na juu ya gati zikalazwa reli mbili nyembamba, na juu ya reli likawekwa behewa. Moja tu, msianze kutia chumvi. Lilikuwa na mabenchi mawili na turubai la mistari. Injini iliagizwa, na mpaka leo iko njiani. Kwa hiyo behewa likasukumwa na wanaume wanne, na mmoja wao akawa babu yangu.

Reli ilikoishia, upande wa nchi kavu, ndiko ilikokuwa stesheni yenyewe: chumba kimoja cha mawe na chokaa, paa la bati lililopakwa rangi nyekundu, dirisha dogo la nondo la kukatia tiketi, na baraza la kungojea. Sikukuu wanakijiji walipandishwa bure, kwenda na kurudi. Bibi alikaa benchi la nyuma, babu anasukuma, na wakatazamana njia nzima kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutazama. Ndiyo ndoa ikaja. Mie ni mjukuu wa behewa, ukipenda.

Kisha wageni wakakatika. Hoteli ikafungwa, milango ikabebwa, gati likaliwa na bahari. Reli ziling'olewa kipande kwa kipande. Moja ikawa kizingiti cha kisima, nyingine ikawa nanga, na kipande kimoja kinaning'inia nje ya ofisi ya skuli ya msingi, ndicho kengele. Stesheni ikabaki peke yake na paa lake linaloporomoka, ubao mmoja mwaka huu, ubao mwengine mwaka ujao.

Huko ndani, kwa maelezo ya Bibi, aliishi Mwinyi Reli. Mrefu, mwembamba, anatembea juu ya reli ambazo hazipo tena, na kazi yake ni kukatia tiketi watoto wasiosikia. Ukishakatiwa, hutarudi. Nilikuwa na miaka minane na treni sijaiona hata kwenye picha; nilidhani ni tandu mkubwa, mwenye macho ya taa, na kwamba Mwinyi Reli ndiye mchungaji wake. Watoto wa kijiji kizima tulimjua. Watoto wa vijiji jirani walimjua kwa sababu tuliwasimulia sisi, na kila tuliposimulia alirefuka kidogo.

Sasa utasema mtoto mwenye akili hasogei pahala kama hapo. Mie nilisogea. Nilikuwa mtu wa namna hiyo: naogopa kweli, lakini nikiogopa peke yangu sipati raha, lazima nimtafute wa kuogopa naye. Na wa kuogopa naye alikuwa ndani ya nyumba, ndugu yangu Kombo, miaka mitano, mtoto anayeamini kila kitu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yameanikwa kila uwanja, harufu inaingia mpaka kwenye chai. Baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi huko upande wa Tumbe. Mama kenda kuchambua karafuu kwa watu, na Bibi kalala. Tumetoka chuo cha Kurani, jua la utosi, saa ambayo watoto huambiwa wasitoke nje kwa sababu wasioonekana nao wanatembea. Nikamshika Kombo mkono tukaenda.

Mchezo niliubuni mwenyewe. Nikaingia chumbani, nikasimama nyuma ya dirisha la tiketi na majani ya mfenesi mkononi, ndizo tiketi. Ndani kulikuwa na baridi ya ajabu, na popo, na harufu ya chuma kilicholowa. Kombo akasimama nje, amezishika nondo kwa mikono miwili.

"Abiria! Wapi?"

"Unguja."

"Unguja nauli yake kuziba pua mpaka niseme basi."

"Sitaki. Nakwenda Tumbe kwa baba."

"Tumbe nauli yake kuruka kwa guu moja mpaka mwisho wa baraza. Vua makubadhi, abiria hapandi na makubadhi."

Akavua. Akaruka. Moja, mbili, tatu. Ya nne hakuruka.

Alikuwa kasimama juu ya ubao wa paa, na ubao ulikuwa umemng'ang'ania. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kama anauliza hii nayo ni sehemu ya mchezo. Nikauvuta ubao ukatoka, na msumari nyuma yake, mwekundu wa kutu, mrefu kama kidole changu. Damu ilikuwa kidogo, tundu lenyewe dogo kama jicho la dagaa. Nikamchukua mpaka majini nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikamkanyagisha mchanga, nikamwona mzima. Lakini alikuwa anavuta pumzi ya kilio kile kikubwa, kile cha kupeleka nyumbani, nami nikauona mgongo wangu na fimbo ya Bibi.

"Kombo. Ukimwambia mama, ukimwambia Bibi, ukimwambia mtu yeyote, Mwinyi Reli atakufunga mdomo. Hutakula, hutasema."

"Hata halua?"

"Hata halua."

"Nikisema kidogo?"

"Hata ukinong'ona."

Akaimeza ile pumzi. Tukarudi nyumbani, na tundu likaziba siku ya pili, nami nikasahau. Nakuapia nilisahau.

Ikapita wiki na siku mbili hivi. Asubuhi mama kamwekea Kombo muhogo na chai, na Kombo hali. Mama akamtazama akaanza kucheka.

"Huyu naye anachekea nini?"

Kwa kweli alikuwa anacheka. Midomo imevutika pande mbili, meno yote nje. Nami nikacheka, nikidhani kakumbuka mzaha wangu wa jana, na nikajisifu moyoni.

"Fungua mdomo, mwanangu. Chai inapoa."

"Haufunguki," akasema Kombo, kwa meno yaliyofungana.

"Raya! Umemfundisha nini tena mwenzio?"

"Sikumfundisha kitu, mama."

Mama akamshika kidevu, akakivuta, kwanza kwa mchezo, kisha bila mchezo. Hakikushuka. Na Kombo akaendelea kucheka kwa mdomo huku machozi yanamshuka, na hapo ndipo nilipojua. Sikukisia, nilijua, kama unavyojua jina lako. Mwinyi Reli kafanya nilichomwambia afanye.

Mpaka adhuhuri shingo ilikuwa imekaza. Mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni, na kwa sauti ile tu Kombo akapinda, mgongo juu ya kitanda umeinuka kama upinde, visigino na kisogo ndivyo vimegusa godoro. Mama akapiga yowe, na lile yowe likampinda tena. Nikakimbilia pembeni ya kabati nikauziba mdomo wangu kwa mikono miwili. Niliamini zamu yangu ni neno moja mbele yangu. Nikilitoa tu, taya zitafungana, na nitakaa nacheka vile mpaka nife.

Walipotoka kwenda kuita watu, nilimsogelea. "Umesema?" nikamnong'oneza. "Umemwambia nani?"

Macho tu ndiyo yaliyoweza kutembea. Yakaenda kulia, yakaenda kushoto. Hakumwambia mtu. Mtoto wa miaka mitano kaihifadhi siri yangu siku tisa, na bado kaadhibiwa. Hapo hofu yangu ikapata meno mapya, kwa sababu nilikuwa nimetoa amri kwa kitu kisichohesabu haki.

"Ntoto kakumbwa na shetani," Bibi alisema. Alikuwa Bi Mize kwa kijiji kizima, mwanamke ambaye hata majogoo walimpisha njia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Akaitwa Fundi, mganga wa kijiji cha pili, mzee mnene mwenye kofia safi na mkoba wa ukili.

Akaja baada ya alasiri. Uvumba ukafukizwa chumba kizima kikawa cheupe, wanawake wa jirani wamekaa mkekani, Bibi anapepea makaa. Fundi alisoma, akapiga makofi, akauliza, akapiga makofi. Kila kofi, Kombo alipinda. Mie nilikuwa nyuma ya mama, nimeuma kanga yake.

"Kuna pahala kapita," Fundi akasema, amefumba macho. "Naona pwani. Naona chuma."

Wanawake wakavuta pumzi. Mie nikakojoa, nitakwambia kweli, palepale mkekani.

"Mwenyewe ananambia jina lake. Ni mkubwa, si wa kuchezewa. Anataka mbuzi mweusi, na ntoto apungwe siku saba. Anaitwa Mwinyi Reli."

Upepeo wa Bibi ukasimama.

"Nani?"

"Mwinyi Reli, Bi Mize. Yupo pale tangu enzi za mababu."

"Enzi za mababu," Bibi akasema. Akauweka upepeo chini. "Fundi, Mwinyi Reli nimemzua miye. Nikikaanga dagaa! Huyu mjukuu wangu wa kike hasikii, kila siku kule, nami nkamwambia kuna ntu mrefu anakata tiketi. Jina nlilitoa palepale jikoni, mafuta yananirukia. Mume wangu kasukuma lile behewa mpaka mabega yakapinda, hata siku moja hakumwona Mwinyi Reli wala mkewe!"

Fundi hakutikisika, alikuwa fundi kweli katika hilo.

"Yawezekana yeye ndiye aliyekutia jina ulimini, Bi Mize. Weye ukadhani umezua."

Na nikamwona Bibi anaanza kuamini. Nikaona macho yake yanaenda kwenye moshi, yanatafuta kitu kirefu, chembamba. Kama Bibi naye anamwogopa, nikasema moyoni, basi yuko, na Kombo amekwisha. Majirani walianza kuulizana nani ana mbuzi mweusi.

"Raya," Bibi akasema, bado anautazama moshi. "Mlikwenda kule?"

Sijui mtu mzima anaogopa nini akiwa vitani. Mie najua nilichoogopa. Nilijua kwamba nikijibu, taya zangu zitafungana mbele za watu wote, na sitakula tena, na sitasema tena, mie ambaye kusema ndiyo kazi yangu pekee duniani. Nikamtazama Kombo. Alikuwa ananitazama, anacheka kile kicheko kisicho chake, na jasho limelowesha mto.

"Tulikwenda," nikasema.

Nikangoja. Mdomo bado wangu.

"Nikamrusha kwa guu moja." Nikangoja. "Akachomwa." Nikangoja. "Msumari."

"Wapi?" Bibi keshasimama. "Wapi, mwana we?"

Nikauonyesha unyayo wa kulia. Bibi akaushika, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza kwa kidole gumba. Kulikuwa na kidoa cheusi, basi, mtu angedhani ni mbegu. Akainamisha pua akanusa. Kisha akasema kwa sauti ile ya majogoo kupisha njia:

"Gari. Nani ana gari?"

"Bi Mize, ukimwondoa ntoto katikati ya uganga..."

"Fundi, kahawa yako iko jikoni. Kunywa uende zako."

Aliyekuwa na gari ni Faki, jirani yetu, pikapu yake ya kubebea pweza. Wakatandika godoro nyuma, mama akampakata Kombo, na Bibi akanivuta mkono nikiwa vilevile na nguo mbichi. "Weye unakwenda. Utamwambia daktari mwenyewe, kwa mdomo wako." Kila shimo la njia, Kombo alipinda. Bibi alikuwa anapiga bati la kichwa cha gari. "Polepole, Faki! Unaniulia ntoto!" Na kidogo tena: "Upesi, Faki! Umelala?"

"Bi Mize, nichague lipi?" Faki akapiga kelele kutoka ndani.

"Yote mawili!"

Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani mikubwa. Hakuuliza pwani wala chuma. Aliuliza lini, wapi, msumari wa namna gani, na kadi ya chanjo iko wapi. Na mama akainama, kwa sababu Kombo alizaliwa wakati wa kuhamahama na baba madagoni, na sindano zake zilikatikia njiani. Nikamweleza daktari yote, na baada ya kila neno nikapanua mdomo kuhakikisha. Alidhani nina mafua.

"Pepopunda," akasema. "Mungu akijaalia."

Hakusema zaidi, na kule kutosema ndiko kulikoniogopesha kuliko moshi wote wa Fundi. Wakamlaza chumba cha mwisho, mapazia yamefungwa, taa imezimwa. Pasiwe na sauti, akatuambia: mlango usigongwe, kijiko kisianguke, kila kishindo kinaurudisha mkazo, na mkazo mmoja mbaya unaweza kufunga pumzi. Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe hasa."

Tulikaa kwa jamaa wa mjini. Kila siku alasiri tulikuwa pale ukumbini, Bibi na mie, kwenye benchi nje ya mlango ule. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi. Nilijifunza kutembea kwa vidole. Nilijifunza kupiga chafya ndani ya kanga. Kulikuwa na nesi mmoja ambaye viatu vyake vililia kwi, kwi, na nilimchukia kwa moyo wote mpaka alipoanza kuvivua mwenyewe mwisho wa ukumbi. Wakati mwengine tulisikia kutoka ndani kitanda kikilia chuma, mara moja, kisha miguu ya watu inakimbia bila viatu, kisha hakuna kitu. Kile hakuna kitu kilikuwa kirefu. Bibi aliushika mkono wangu mpaka tasbihi ikaniachia alama.

Siku moja nikamuuliza, kwa pumzi tu, "Bibi, kwa nini ulimzua?"

"Nliogopa ile misumari. Paa lilikuwa linaanguka."

"Sasa kwa nini hukutwambia misumari?"

Tasbihi ilipita vidoleni punje kwa punje.

"Nani anaogopa msumari?" akasema.

Wiki ya tatu ikaisha, na jioni moja daktari akatoka akatuita kwa kidole. Tukaingia, mama akiwa ndani tayari, kasimama ukutani. Pazia lilikuwa limefunguliwa kiasi cha kiganja. Kombo alikuwa mwembamba hata nikadhani ni mtoto mwengine, kaegemea mito miwili, na kinywani mwake mnachuruzika uji.

Nikataka kusema kitu. Siku ishirini nilikuwa nimekusanya mizaha, nimeipanga kama embe sokoni, mizuri mbele. Nikamsogelea nikamnong'oneza ule mzuri kuliko yote, unaohusu nesi na viatu vyake.

Kombo akanitazama.

"Weye mbaya," akasema. Sauti ilikuwa kama ya kuku mgonjwa, lakini mdomo ulifunguka. "Ulinrusha. Sikutaki. Ondoka."

"We Kombo!" mama akaanza. "Dada yako huyo, hapana kumwambia..."

Bibi akamshika mama mkono.

"Mwache," akasema. "Mwache anune."

Na Kombo akanuna. Midomo ikashuka polepole, upande mmoja kisha wa pili, ikainama mpaka kidevu kikakunjamana, na uso mzima ukawa wa hasira, wa kwake mwenyewe, bila jino hata moja nje. Sisi watatu tukasimama pale, tukimtazama kama watu waliouona mwezi.